Wimbo Unapolikemea Kanisa

Mahubiri husikilizwa kwa masikio, lakini wimbo huimbwa kwa kinywa. Tofauti hii ni ndogo kwa kuitaja na kubwa kwa matokeo yake. Mtu aweza kukaa mbele ya mhubiri saa nzima, mikono ameikunja kifuani, akalikubali neno moja na kulikataa jingine, kisha akaenda zake nyumbani akiwa yule yule aliyekuja. Aimbaye hana nafasi hiyo. Maneno ya wimbo hupita katika koo lake mwenyewe, na siku ya Jumanne, akifua nguo au akingoja gari, huyakuta yangali kinywani mwake. Kwa hiyo, msomaji, mtu akiuliza ni sauti gani iwezayo kulionya kanisa lililokosea, wimbo hauna budi kutajwa miongoni mwa majibu ya kwanza. Insha hii yataka kulipima jibu hilo. Ni lini wimbo wa Kikristo waweza kulikemea kanisa likasikia, na ni lini huwa kelele juu ya kelele nyingine?

Tulipime katika nchi ya Kajiado. Ukitoka Nairobi ukashika barabara ya Namanga, wafika kwanza Kitengela, kisha Isinya, kisha Kajiado mjini, na mbele zaidi Bisili na mpaka wa Tanzania. Zamani uwanda wa Kitengela ulikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai na njia ya nyumbu waliotoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Leo sehemu kubwa ya malisho hayo imekatwa viwanja. Kajiado yote ilikuwa na watu 406,054 katika hesabu ya mwaka 1999. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 1,117,840, na katika hao zaidi ya 150,000 walihesabiwa Kitengela peke yake. Palipokuja watu palikuja makanisa: mengine ya mawe, mengine ya mabati, mengine ya hema, na mengine katika vyumba vya kukodi juu ya maduka.

Tuseme haki kwanza. Makanisa hayo yamempa mgeni ndugu mahali asipokuwa na ndugu. Yamezika maiti, yamefungisha ndoa na yamejenga shule. Kajiado mjini iko shule ya wasichana ya Kanisa la AIC, iliyoanzishwa mwaka 1959, ambayo imekuwa kimbilio la wasichana wengi waliokimbia kuozwa wangali watoto. Atakayelikemea kanisa bila kuyajua mema yake atakuwa kama mganga atoaye dawa kabla ya kumwangalia mgonjwa.

Lakini mema hayafuti mabaya, na mabaya yapo. La kwanza ni kelele. Kanuni za serikali juu ya kelele ziliwekwa mwaka 2009, na bado vipaza sauti vya kanisa moja hushindana na vya jirani yake, hata mgonjwa aliye kati ya hayo mawili hapati usingizi wala neno la faraja. La pili ni fedha. Atoaye sana hutajwa kwa jina na kukalishwa mbele. Atoaye kidogo hupita kimya kama mtu aliyekuja kukopa. Mwanasiasa aingiapo na bahasha hupewa nafasi ya kusema pale panapostahili kusomwa Neno, na waumini hupiga makofi. La tatu ni kimya. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hata mwanzoni mwa mwaka 2023 mvua zilikosa kunyesha msimu baada ya msimu. Ng'ombe wa Kajiado walikufa kwa wingi, na wafugaji wakabaki na mizoga na madeni. Ukeketaji wa wasichana ulikatazwa kwa sheria ya mwaka 2011, na bado haujakoma. Ni ibada ngapi zilizoyataja mambo haya kwa sauti kubwa kama ile iliyotumika kutangaza mchango?

Kimya kina bei yake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hata kufa. Watu hao hawakufika huko kwa siku moja. Mahali waumini wasipozoea kumwuliza kiongozi wao swali, hata swali la uhai hukosa wa kuliuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, na walisema kweli.

Labda wewe, uliyelelewa kwa adabu, utauliza kama ni halali mwimbaji kulikemea kanisa lake. Mwangalie nabii Amosi. Alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu katika Tekoa, wala hakuwa mwana wa nabii. Aliacha mifugo yake akaenda Betheli, penye hekalu la mfalme, akawaambia waabuduo kwamba Mungu amechoshwa na sikukuu zao, na kwamba nyimbo zao na vinanda vyao ni kelele masikioni pake maadamu maskini anauzwa na haki inapotoshwa. Kuhani wa Betheli akamwambia arudi kwao akale mkate huko. Mfugaji wa Bisili angeielewa habari hii bila kufafanuliwa: mtu wa ng'ombe amekuja mjini, amesema kweli, na mwenye joho anamwonyesha njia ya kurudi porini.

Katika habari hiyo limo fundisho lililo kali zaidi. Amosi hakukemea dhuluma tu. Alikemea na nyimbo. Kwa hiyo muziki si tabibu anayesimama nje ya ugonjwa. Muziki waweza kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Kwaya nzuri yaweza kuwa pazia linalofunika mezani palipoibwa sadaka. Mwimbaji atakaye kulionya kanisa yampasa kuanza kwa kuuonya wimbo wake.

Historia ya Afrika ya Mashariki ina mifano miwili ya kutufaa, nayo haifanani. Mwishoni mwa mwaka 1929, misheni kadhaa katika nchi ya Wakikuyu, na ile ya Kijabe ikiwamo, ziliwataka Wakristo waape kuacha tohara ya wasichana. Ukazuka wimbo na ngoma iliyoitwa Muthirigu. Vijana waliuimba njiani na sokoni, wakaongeza beti kila mahali, wakiwakejeli wamisionari, machifu na hata wasichana wasiotahiriwa. Mwanzoni mwa mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Tuupimeje wimbo huo? Ulisema jambo moja la kweli: kwamba wageni walitoa amri juu ya maisha ya watu wasiowasikiliza, katika nchi ambayo ardhi yake ilikuwa ikichukuliwa. Hapo uliwachoma waliostahili kuchomwa. Lakini ulipomgeukia msichana ukamfanya kichekesho, uliiacha haki njiani. Ulikemea nguvu ya mgeni, ukaitetea nguvu nyingine juu ya mwili wa mtoto. Wimbo huo ulienea upesi kama moto wa majani, lakini kwa haki ulipungua.

Mfano wa pili ni wa uamsho uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukaingia Kenya na Tanganyika. Wimbo wake mkuu ni Tukutendereza, neno la Kiganda lenye maana ya kwamba twakusifu. Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, wanafunzi wa uamsho waliamka kabla ya alfajiri wakasali, wakaimba, na wakasema wazi juu ya dhambi walizoziona katika chuo na katika kanisa. Wakuu wa chuo waliwakataza, nao wakakataa kukatazika. Wanafunzi 26 wakafukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao.

Angalia jambo la ajabu hapa. Tukutendereza ni wimbo wa sifa. Hautaji mwizi, wala mnafiki, wala askofu. Mbona basi uliwatia hofu wakubwa? Kwa sababu walioimba walikuwa wamekwisha kuungama makosa yao wenyewe mbele za watu, wengine wakirudisha mali waliyoiba. Mtu aliyejivua namna hiyo akisimama kumsifu Mungu, kila asimamaye karibu naye hujiona amevaa nguo nyingi mno. Ukali wa wimbo ule ulitoka katika maisha ya mwimbaji kabla haujatoka katika maneno. Wimbo wa kuonya, kwa hakika, si lazima uwe na maneno ya kuonya.

Hata hivyo wimbo huo nao haukuepuka hatari. Baadaye kwa watu wengine uligeuka kuwa alama ya kuwatambua waliookoka na kuwatenga wasiookoka. Uliokuwa mlango ukawa ua. Tukiiweka mifano hii miwili pamoja, twapata kipimo cha kwanza: mwimbaji atakaye kulikemea kanisa awe ndani ya lawama anayoiimba. Muthirigu ulishindwa ulipomsonda kidole mnyonge. Tukutendereza ulidhoofika waimbaji walipoacha kujisonda wenyewe.

Tuje sasa katika siku zetu. Nyimbo za injili za Kenya ni nyingi, na nyingine ni tamu kweli. Lakini sikiliza kumi mfululizo ndani ya gari kutoka Kitengela hadi Kajiado, uhesabu habari zilizomo. Aghalabu utasikia adui aliyeaibishwa, jirani mwenye wivu, baraka iliyo njiani, na nyumba mpya. Sisemi kwamba furaha ni haramu. Mwenye kufiwa ahitaji wimbo wa faraja, na mwenye kuolewa wimbo wa shangwe. Ubaya ni kwamba nyimbo hizi zinamweka adui nje sikuzote. Adui ni jirani, ni mchawi, ni mtu wa kazini. Kamwe si mimi, wala si mzee wa kanisa langu. Kanisa lililoshiba nyimbo za namna hii laweza kuimba mwaka mzima lisikute kosa lake hata mara moja.

Yuko mwimbaji aliyejaribu njia nyingine. Juliani, ambaye jina lake hasa ni Julius Owino, alikulia Dandora, mtaa wa Nairobi wenye jaa kubwa la taka. Alitoka katika kundi la Ukoo Flani Mau Mau, akamgeukia Kristo, akaendelea kutumia muziki ule ule wa kufokafoka aliokuwa ameuzoea mtaani. Mwaka 2011 alitoa albamu yenye jina la Pulpit Kwa Street, yaani kutoka mimbarini hadi mtaani. Na mmoja wa nyimbo zake huitwa Church on Monday. Majina hayo mawili, hata kabla ya kusikia ubeti mmoja, ni hoja kamili. La kwanza lauliza: mbona Neno limekaa juu kule na watu wako chini huku? La pili lauliza: lile kanisa la jana limekwenda wapi leo, Jumatatu, mwenye duka apunguzapo mizani na mwajiri acheleweshapo mshahara? Hapa lawama ya kanisa imesemwa bila tusi, na imesemwa na mtu anayelitaka kanisa liwe mahali fulani, si mtu anayelitaka liondoke.

Wazee wengi walikuwa na neno juu ya lugha yake. Sheng, wasema, haifai mbele ya Mungu. Mimi naipenda lugha iliyo safi, nami ningependa mwanafunzi aijue Sheng na Kiswahili sanifu, asiifanye ya kwanza kuwa kisingizio cha kutoijua ya pili. Lakini shauri la lugha ni la kale kuliko Dandora. Desemba 1529, katika mji wa Lübeck, Ujerumani, waumini walimkatiza padri kwa kuimba zaburi ambayo Martin Luther alikuwa ameigeuza kuwa wimbo kwa Kijerumani. Wangaliweza kufanya hivyo kwa Kilatini wasichokijua? Mtu hukemea kwa lugha ya nyumbani, na hukemewa kwa lugha hiyo hiyo. Udhaifu wa muziki wa Juliani, kwa maoni yangu, uko mahali pengine: maneno yake ni mengi na ya haraka, hata mkutano hauwezi kuyaimba pamoja naye. Wamsikiliza kama wanavyomsikiliza mhubiri. Wimbo wa namna hii waweza kumwamsha kijana mmoja mwenye kisikizi sikioni, lakini ni vigumu kuimbwa na kanisa zima.

Basi, upo muziki gani uwezao kutia lawama katika vinywa vya watu wote? Msomaji wa Kajiado hana haja ya kwenda mbali. Katika nyimbo zao za asili Wamaasai hawategemei ngoma, wanategemea sauti. Mmoja huongoza, nao humwita olaranyani. Huleta maneno, na wengine humwitikia kwa pamoja kwa mvumo mzito utokao kooni. Olaranyani aweza kusifu, aweza kukumbusha, aweza pia kukosoa. Lakini hawezi kuendelea peke yake. Wenzake wakinyamaza, wimbo umekufa. Na wakiitikia, wamelikubali neno lake kwa pumzi zao wenyewe. Hapo ndipo palipo na siri tuliyoianza: mwonyaji na mwonywa wamo katika wimbo mmoja. Fikiri mwongozaji akiuliza katika ibada ni nani aliyemtembelea mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wote, na kanisa zima likapaswa kuitikia. Kunyamaza kwake kungekuwa jibu, na kuitikia kwake kungekuwa kiapo. Makanisa ya Kajiado yamekuwa yakimsifu Mungu kwa mtindo huu. Hakuna sababu mtindo huo usitumike pia kwa toba.

Imebaki hatari moja, nayo ni kubwa kuliko zote. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa hulambwa mno. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana, ambaye ni Mmaasai, alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari. Novemba 2024 Rais alitoa fedha katika kanisa katoliki la Soweto, Nairobi, na kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba zitarudishwa. Katika fedha hizo zilikuwamo shilingi 600,000 za kwaya na za watoto wa utume. Zingatia kwamba kwaya imetajwa. Aliyekuja na fedha aliwakumbuka waimbaji, na bila shaka waimbaji wana mahitaji: sare, vinanda, nauli ya kwenda mashindanoni. Lakini kwaya iliyovikwa sare na mtu fulani yaimbaje juu ya mtu huyo Jumapili ijayo? Huenda hakuna atakayeikataza. Itajikataza yenyewe. Ubeti wenye ukweli utaachwa kwa sababu ni mrefu, au kwa sababu sauti ya tatu haijaujua vizuri.

Wapo watakaosema kwamba kuimba makosa ya kanisa ni kuwapa wasioamini kicheko. Hoja hii ina uzito, wala isidharauliwe. Siri ya nyumba haitangazwi sokoni. Lakini fedha ilitolewa hadharani, vipaza sauti vilisikika mtaa mzima, na mtoto aliyetolewa shuleni aozwe alionekana na majirani. Wasioamini wanajua tayari. Wanalosubiri kulijua ni kama waamini nao wanajua. Wimbo wa toba huwanyima kicheko, kwa maana ni vigumu kumcheka mtu aliyekwisha kulisema kosa lake kwa sauti nzuri kuliko yako.

Kijana msomaji, wewe huenda u katika kwaya ya shule, au huenda utatunga wimbo kabla ya mwaka kwisha. Upimapo wimbo unaolikemea kanisa, iwe ni wako au wa mwingine, uulize maswali haya manne. Kwanza, kosa lililotajwa ni la kweli, au ni uvumi uliopambwa kwa vina? Pili, mwimbaji amejitia ndani, au amesimama juu ya ukuta akitupa mawe? Tatu, je, mwenye kulaumiwa aweza kuuimba bila kuvunjiwa utu wake, akaiona njia ya kurudi? Nne, nani aliyelipa, na kwa kulipa alinunua nini? Wimbo utakaoyajibu yote manne vyema ni adimu. Lakini ni wimbo pia, usisahau. Maneno ya haki yakifungwa katika sauti mbovu yatasahauliwa kabla ya chakula cha mchana, na haki haitapata faida yoyote kwa ubovu huo.

Mwisho wa yote, tuujue na mpaka wa wimbo. Wimbo hauchimbi kisima Kitengela wala haumrudishi ng'ombe aliyekufa Bisili. Hauwezi kumficha msichana usiku anapokimbia. Anayemficha ni mtu mwenye mlango na ufunguo. Wimbo waweza kufanya jambo moja tu, nalo ni kumzuia mwenye ufunguo asilale. Kanisa lililoimba toba Jumapili na kufungia mlango Jumatatu limeongeza deni lake, kwa kuwa sasa haliwezi kusema halikujua. Limelisema lenyewe, tena kwa sauti nne.